Mabomu Sita ya Makaburu na Haki katika Ukaguzi wa Nyuklia

Tarehe 24 Machi, 1993, Rais F. W. de Klerk wa Afrika Kusini alisimama mbele ya Bunge mjini Cape Town akatangaza jambo ambalo serikali ya nchi hiyo ilikuwa imelikana kwa miaka mingi. Alisema kwamba Afrika Kusini iliunda mabomu sita ya atomiki, kwamba la saba lilikuwa halijakamilika, na kwamba yote yamekwisha kubomolewa. Kwa watu wa mbali hiyo ilikuwa habari ya kushangaza. Kwa majirani ilikuwa habari ya kutisha ingawa hatari yenyewe ilikuwa imepita, maana sasa walifahamishwa walikuwa wakiishi jirani na kitu gani.

Yafaa ikumbukwe hali ilivyokuwa katika miaka ambayo mabomu hayo yalikuwa yakiundwa. Mwezi Mei 1978 majeshi ya makaburu yalishambulia kambi ya Wanamibia huko Cassinga, nchini Angola. Januari 1981 yalivamia Matola, karibu na Maputo. Desemba 1982 yaliingia Maseru, mji mkuu wa Lesotho, na Juni 1985 yakaingia Gaborone. Mwezi Mei 1986 yalizishambulia Botswana, Zambia na Zimbabwe kwa siku moja. Mwaka 1987 na 1988 walikuwako askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania huko Msumbiji, wakisaidia kuilinda nchi hiyo dhidi ya Renamo, kundi lililokuwa likipata msaada kutoka Pretoria. Nchi huru za Afrika zilikuwa zimeshuku kwa muda mrefu kwamba makaburu wanatengeneza bomu. Lakini kushuku si kujua. Katika mahesabu ya kamanda yeyote wa nchi zilizokuwa mstari wa mbele, silaha kubwa kuliko zote za adui haikuweza kuandikwa kwa hakika.

Hapo ndipo yanapoanza mazungumzo yote juu ya ukaguzi wa nyuklia. Mara nyingi jambo hili huelezwa kana kwamba ni ugomvi wa mataifa makubwa na wakubwa wenzao, usiowahusu watu wa Afrika. Historia ya Afrika Kusini yaonyesha kinyume chake. Mtu wa kwanza kudhurika na silaha iliyofichwa ni jirani.

Mwaka 1965 kilianza kufanya kazi kinu cha utafiti kiitwacho SAFARI-1, mahali paitwapo Pelindaba, si mbali na Pretoria. Jina hilo latokana na lugha za Kinguni, na maana yake ni kwamba shauri limekwisha. Kinu hicho kilitoka Marekani, nacho kilikuwa chini ya ukaguzi wa kimataifa. Wakaguzi waliruhusiwa kuingia, kuhesabu mafuta yake na kuandika. Lakini jirani kabisa na hapo, mahali paitwapo Valindaba, serikali ya makaburu ilijenga kiwanda chake cha kurutubisha urani, na humo mkaguzi hakuruhusiwa kutia mguu. Afrika Kusini ilikuwa haijatia sahihi Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, kwa hiyo hakukuwa na sheria iliyoilazimisha kufungua mlango huo. Ikawa chumba kimoja chakaguliwa kwa makini, na cha pili kimetiwa kufuli. Kila askari aliyewahi kushika zamu ghalani anafahamu hesabu ya namna hiyo ina thamani gani.

Mwaka 1977 dunia ilianza kuamka. Mwezi Juni Afrika Kusini iliondolewa katika Bodi ya Magavana ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, na nafasi yake ikachukuliwa na Misri. Mwezi Agosti setilaiti ya Umoja wa Kisovieti iligundua matayarisho ya jaribio la bomu katika jangwa la Kalahari. Wasovieti waliwaarifu Wamarekani, na Wamarekani walipotazama kwa vyombo vyao waliona kwamba habari hiyo ni ya kweli. Makaburu walibanwa na wakubwa wa pande zote mbili, wakaviacha visima walivyokuwa wamevichimba kwa ajili ya jaribio hilo. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 418, lililopiga marufuku kuiuzia Afrika Kusini silaha na kuyataka mataifa yasishirikiane nayo katika kuunda silaha za nyuklia.

Hatua hizo zilizuia jaribio, lakini hazikuzuia kiwanda. Valindaba iliendelea na kazi yake kimyakimya. Kila bomu lilihitaji kadiri ya kilo 55 za urani iliyorutubishwa sana, na nguvu yake ilikaribiana na ile ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti, 1945. Yalikuwa mabomu ya kutupwa kwa ndege. Watawala walieleza baadaye kwamba shabaha ilikuwa kutisha tu, na walitoa kisingizio cha majeshi ya Cuba yaliyokuwa Angola. Maelezo hayo hayawezi kuwa faraja kwa mtu aliyekuwa Maputo, Lusaka au Gaborone wakati huo.

Ukaguzi wenyewe hufanyikaje? Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilianzishwa mwaka 1957, na makao yake makuu yako Vienna, nchini Austria. Nchi iliyoingia katika mkataba hutoa orodha ya vitu vyake vya nyuklia: ni vya aina gani, vina uzito gani, na viko wapi. Wakaguzi huenda mahali hapo, wakapima, wakahesabu, wakachukua sampuli, wakalinganisha na madaftari. Kisha huweka lakiri na kamera, ili kitu kikiguswa wasipokuwapo ijulikane kwamba kimeguswa. Kuna kiasi ambacho wakaguzi hukichunga kwa namna ya pekee, nacho ni kile kinachohesabiwa kuwa chatosha kuunda bomu moja: kilo 8 za plutoni, au urani iliyorutubishwa sana ambayo ndani yake mna kilo 25 za urani 235.

Kazi hiyo ina maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: je, kilichoandikwa kipo? La pili ni gumu zaidi: je, kuna kilichopo ambacho hakikuandikwa? Kwa miaka mingi wakaguzi waliishughulikia zaidi ile sehemu ya kwanza. Baada ya vita vya Ghuba vya mwaka 1991 iligundulika kwamba Iraq ilikuwa na mpango wa siri, hali nchi hiyo ilikuwa ikikaguliwa wakati wote. Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 ilitungwa Itifaki ya Ziada, inayowapa wakaguzi uwezo wa kufika hata mahali pasipotajwa katika orodha, na kufuta vumbi kutani na mezani ili likapimwe maabara. Chembe ndogo isiyoonekana kwa macho yaweza kusema kweli ambayo daftari limeificha.

Afrika Kusini ndiyo nchi ambamo swali hilo la pili lilijibiwa kwa ukamilifu kuliko mahali pengi. De Klerk alishika madaraka mwaka 1989 akaamuru mpango wa mabomu usimamishwe. Katika mwaka 1990 na 1991 mabomu yalifunguliwa, na urani yake ikayeyushwa na kuwekwa akiba. Tarehe 10 Julai, 1991, Afrika Kusini ikaingia katika mkataba. Wakaguzi walianza kazi mwishoni mwa mwaka huo, wakati Mkurugenzi Mkuu wa shirika lao alikuwa Hans Blix wa Sweden. Hawakutosheka na kuhesabu kilichowekwa mezani. Waliomba madaftari ya kazi za kila siku ya kile kiwanda cha Valindaba, wakapiga hesabu: kwa siku zote kiwanda kilizofanya kazi, urani kiasi gani ilipaswa kutoka? Kisha wakalinganisha na iliyokuwapo. Baada ya tangazo la Machi 1993 walikagua pia mahali mabomu yalipoundwa, na katika mwaka huohuo visima vya Kalahari vikazibwa mbele ya macho yao. Mwishoni shirika liliridhika kwamba hesabu inalingana.

Kazi hiyo haikukosa dosari. Michoro na kumbukumbu nyingi za utengenezaji wa mabomu zilikuwa zimekwisha haribiwa kabla ya wakaguzi kuonyeshwa lolote. Tena kwa muda wa karibu miaka miwili serikali ilikuwa mwanachama wa mkataba bila kusema kwamba iliwahi kuwa na bomu. Waafrika wengi waliamini, na bado wanaamini, kwamba makaburu walifanya haraka kuyabomoa kwa kuwa hawakutaka yaangukie mikononi mwa serikali ya watu weusi walio wengi, ambayo iliingia madarakani baada ya uchaguzi wa Aprili 1994. Hata ikiwa ndivyo, matokeo yalikuwa na heri. Nchi iliunda bomu kwa mikono yake yenyewe, kisha ikaliacha, na watu wa nje wakaweza kuthibitisha hivyo kwa kalamu na mizani.

Sasa lafuata suala la haki. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia ulifunguliwa kwa sahihi tarehe 1 Julai, 1968, ukaanza kutumika tarehe 5 Machi, 1970. Uliigawa dunia mafungu mawili. Nchi zilizokuwa zimelipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari, 1967, yaani Marekani, Umoja wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, zilitambuliwa kuwa zenye silaha. Nyingine zote zilitakiwa kuahidi kutozitafuta kamwe, na kukubali kukaguliwa. Badala yake ziliahidiwa mambo mawili: haki ya kutumia nguvu za nyuklia kwa ajili ya amani, na ahadi iliyo katika ibara ya sita kwamba wenye silaha watafanya mazungumzo kwa nia njema ili waziondoe.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoupigia kura mkataba huo mwezi Juni 1968, nchi 95 ziliuunga mkono, 21 hazikupiga upande wowote, na nne tu ndizo zilizosema hapana. Tanzania ilikuwa moja ya hizo nne, pamoja na Zambia, Cuba na Albania. Wakati ule nchi nyingi zisizo na silaha ziliona kwamba mkataba unamfunga mnyonge kwa kamba na kumfunga mwenye nguvu kwa maneno. Mnyonge anakaguliwa, na mwenye nguvu anaaminiwa. Hiyo haikuwa hoja ya watu wanaotaka bomu. Ilikuwa hoja ya watu wanaotaka sheria iwe sheria.

Miaka iliyofuata haikuivunja hoja hiyo. Israel, India na Pakistan hazikuingia kamwe katika mkataba. Israel haikubali wala haikanushi kwamba ina silaha hizo, na nchi zinazoisaidia haziiulizi kwa sauti. India na Pakistan zilifanya majaribio mwaka 1998, na mwaka 2008 kundi la nchi zinazouza vifaa vya nyuklia liliikubalia India biashara hiyo ingawa haijatia sahihi. Wale watano wenye silaha hukaguliwa katika viwanda vya kiraia walivyojitolea wenyewe kuvifungua, lakini maghala yao ya mabomu hayamo. Idadi ya mabomu imepungua sana tangu vita baridi vilipokwisha, lakini yaliyobaki duniani ni yapata 12,000, na takriban tisa katika kila kumi ni ya Marekani na Urusi. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu.

Umo pia mfano unaoigusa Afrika moja kwa moja. Kabla ya vita vya Iraq ilidaiwa kwamba nchi hiyo ilitafuta urani kutoka Niger. Tarehe 7 Machi, 2003, Mohamed ElBaradei, Mmisri aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa shirika la wakaguzi, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hati za biashara hiyo si za kweli, na kwamba wakaguzi hawakuona dalili ya mpango wa nyuklia kufufuliwa. Kabla mwezi huo haujaisha vita vilikuwa vimeanza. Baadaye hakuna bomu lililoonekana. Basi mkaguzi alifanya kazi yake na kusema kweli, lakini wenye nguvu hawakumsikiliza. Mambo kama hayo ndiyo yanayoufanya ukaguzi uonekane kuwa fimbo ya kuchapia wadogo.

Hata hivyo, kuna kosa linaloweza kufanywa kwa kuifuata hoja hii mpaka mahali isikotakiwa kufika. Wako wanaosema kwamba kwa kuwa wakubwa hawatendi haki, wadogo nao wafunge milango yao. Mashariki na kusini mwa Afrika wanayo sababu ya kulikataa wazo hilo. Mlango uliofungwa Valindaba haukumtisha mkubwa yeyote wa dunia. Uliwaweka hatarini watu wa Msumbiji, Angola, Botswana na Zambia. Tena mabomu yale sita hayakuuokoa ubaguzi wa rangi hata kwa siku moja, kwa sababu hakuna bomu linaloweza kutumika dhidi ya wananchi wanaogoma viwandani na kuandamana mitaani. Kosa la mkubwa halimpi mdogo ruhusa. Linampa sababu ya kudai kwamba daftari la ghala lisomwe kuanzia juu.

Ndiyo njia waliyoifuata Waafrika. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza huko Reggane, katika Sahara ya Algeria, tarehe 13 Februari, 1960, na hadi mwaka 1966 ilikuwa imefanya majaribio 17 katika ardhi hiyo ya Afrika. Mwezi Julai 1964 wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walitangaza mjini Cairo kwamba bara hili lisiwe na silaha za nyuklia. Tanzania na Zambia, zilizosema hapana mwaka 1968, ziliingia katika mkataba mwaka 1991, mwaka uleule ambao Afrika Kusini ilifungua mlango. Tarehe 11 Aprili, 1996, mjini Cairo tena, ulitiwa sahihi Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika nzima kuwa eneo lisilo na silaha hizo. Ulianza kutumika tarehe 15 Julai, 2009, Burundi ilipoikamilisha idadi ya nchi 28 zilizotakiwa. Mahali palipozaliwa bomu la makaburu pametoa jina la ahadi ya kutokuwa na bomu.

Mkataba huo una itifaki inayowataka wenye silaha waahidi kutoipiga wala kuitisha kwa nyuklia nchi yoyote iliyomo. Uingereza, Ufaransa, China na Urusi zimeiridhia. Marekani ilitia sahihi mwaka 1996, lakini haijairidhia. Mwaka 2017 mataifa mengi yalikwenda mbele zaidi yakapitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, ulioanza kutumika Januari 2021. Afrika Kusini iliuridhia mwaka 2019. Hakuna nchi hata moja yenye mabomu iliyojiunga.

Kwa askari na polisi, jambo hili haliishii katika kumbi za mikutano. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Katika miaka ya 1970 fito mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa katika kinu cha utafiti cha Kinshasa, na moja ilikamatwa na polisi wa Italia mwaka 1998. Usiku mmoja wa Novemba 2007 watu wenye silaha walikata ua wa Pelindaba, wakafika hadi katika chumba cha uangalizi, wakampiga risasi mtu mmoja kabla ya kutoroka. Urani haikuchukuliwa. Lakini ile iliyotoka katika mabomu bado ilikuwa imehifadhiwa katika eneo hilo, chini ya lakiri za wakaguzi. Lakiri huonyesha kwamba kitu kimeguswa. Haiwezi kumzuia mwizi. Anayemzuia ni mlinzi aliye macho kwenye lindo lake.

Marekani imeitaka Afrika Kusini iiachilie urani hiyo, nayo imekataa, ikisema kwamba ni mali yake, inakaguliwa, na mkataba unaipa haki ya matumizi ya amani. Kinu cha SAFARI-1, ambacho hutengeneza dawa za kuchunguzia maradhi kama saratani, kilibadilishwa mwaka 2009 kitumie urani isiyofaa kuundia bomu. Katika ubishi huo kila upande una neno la haki. Ni kweli kwamba urani ya namna hiyo ni hatari popote ilipo. Ni kweli vilevile kwamba anayedai kilo za mwenzake anapaswa kueleza habari za maelfu yaliyo kwake.

Madini hayo yamo pia karibu zaidi. Urani ilianza kuchimbwa Kayelekera, kaskazini ya Malawi, mwaka 2009, na Tanzania ina akiba yake katika eneo la Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Kila gunia litakalotoka litahitaji daftari, kituo cha mpakani na mtu asiyenunulika. Nchi ambayo hesabu zake ziko sawa inaweza kusimama Vienna au New York na kuuliza kwa sauti kubwa: sisi tumehesabiwa, na ninyi mtahesabiwa lini? Swali hilo liliulizwa na nchi nne mwaka 1968. Wakati ule waliouliza walikuwa nje ya mlango. Leo wote wanne wamo ndani ya mkataba, na jibu bado linasubiriwa.